Unataka kununua mwani Mlingotini? Loa kwanza

Naona siku hizi watu kibao wanataka kutengeneza sabuni za mwani, wanakuja huku Mlingotini, Bagamoyo, swali la kwanza kilo shingapi. Bei subiri kwanza. Ulizia bamvua (zile siku maji yanajaa na kukupwa sana) ni lini, nenda maji yakiwa yamekupwa, vua viatu uingie na akina mama mpaka shambani, uone taitai (vile vikamba vidogo vya kushikia mwani) zinavyofungwa moja moja kwenye kamba mtu kainama masaa huku anaangalia maji yasije yakamkuta. Mwani unakaa kama wiki 6 ndo unavunwa, na kilo 7 au 8 za mbichi zikikauka unabaki na kama kilo 1 tu. Beba tenga moja mwenyewe kutoka majini mpaka kwenye chanja, ukifika hapo hutabishania shilingi 50 tena, nakwambia.

Mizani ndo penye maumivu. Kuna siku nilikuwepo, mnunuzi kaja na mizani yake ya kuning'iniza, bi mkubwa mmoja hakubishana, akaagiza dukani mfuko wa unga wa kilo 25 haujafunguliwa, akautundika. Ikasoma 22. Kimyaa. Kwa hiyo wewe njoo na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo na huo mfuko wa unga utundike mwenyewe kabla hujaombwa.

Kulipa, lipa siku hiyohiyo na kwa namba ya simu ya mama mwenyewe aliyelima, sio ya mumewe wala ya mwenyekiti wa kikundi (mwenyekiti atanuna, mwache). Ukikopesha kamba na taitai andikeni deni na bei kwenye daftari, kila mtu na nakala yake, maana mikopo hii ndo inawafunga watu wauze kwako tu hata ukiwapunja. Na aina ya mwani inayoitwa kotonii ina bei nzuri kuliko ile ya spinosamu ila joto la maji likizidi inageuka nyeupe inakatika, sasa shamba likifa usidai deni lote bamvua linalofuata, mkubaliane hilo mapema.

Halafu kabla hujapakia magunia ulizia kama kuna wanaosaga wenyewe, wapo, ukinunua unga wa mwani badala ya mwani mkavu hela ya kusaga inabaki hapohapo kijijini na wewe unapunguziwa kazi.