Jinsi ya Kuwapangia Vijana Namba katika Mpira wa Kikapu

Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinaeleza kwa kina vipimo vya uwanja, muda wa kushambulia na aina za faulo, lakini haziilazimishi timu kuwa na senta (anayecheza karibu na kikapu) wala mchezeshaji (anayeongoza mashambulizi). Zinataka wachezaji watano uwanjani, basi. Namba tunazozitaja, kuanzia moja hadi tano, ni mgawanyo wa kazi uliozoeleka miongoni mwa makocha, na ndiyo maana anayezigawa kwa kuangalia kimo peke yake hukosea tangu siku ya kwanza. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kila ninapopokea kundi jipya la vijana.

Hatua ya kwanza ni kugawa uwanja kabla ya kugawa watu. Waonyeshe wachezaji mstari wa pointi tatu, ulio mita 6.75 kutoka kikapuni, kisha wasimamishe katika sehemu tano: mmoja juu katikati, wawili pembeni, na wawili karibu na kikapu. Waeleze pia kwamba mshambuliaji haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lililo chini ya kikapu kwa zaidi ya sekunde 3 mfululizo, kwa hiyo hata mrefu kuliko wote hana budi kujifunza kuingia na kutoka.

Hatua ya pili ni kuitaja kazi ya kila namba. Namba moja ndiye mchezeshaji, na kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote: ana sekunde 8 za kuuvusha mpira nusu ya uwanja huku akibanwa, na timu nzima ina sekunde 24 za kutupa, hivyo ni lazima adundishe mpira bila kuutazama na aone nani yuko huru kabla mwenyewe hajajua kuwa yuko huru. Namba mbili ni mtupaji wa mbali, ambaye ubora wake huonekana zaidi katika namna anavyokimbia bila mpira. Namba tatu hutupa na hupenya. Namba nne na tano hufanya kazi karibu na kikapu: kugombea ribaundi (mpira uliotupwa ukakosa kuingia), kuweka skrini (kusimama njiani mwa mlinzi) ili wenzao wapate nafasi, na kuzuia mitupo, kazi iliyompa heshima kubwa Dikembe Mutombo wa Kongo.

Hatua ya tatu, ambayo naomba usiiruke, ni kutazama kabla ya kuamua. Kwa muda wa wiki mbili wachezeshe watatu kwa watatu bila kumtajia yeyote namba yake, nawe uandike daftarini: wachezaji wakibanwa, macho yao humtafuta nani? Mpira ukigonga ringi, ni nani huanza kusogea kabla haujashuka? Niliwahi kumweka kijana mrefu chini ya kikapu msimu mzima kwa sababu ya kimo chake tu, na nilichelewa sana kugundua kwamba pasi zake zilikuwa bora kuliko za mchezeshaji wangu. Naona uchungu hadi leo, kwa kuwa mfano ulikuwapo tayari: Magic Johnson, mwenye mita 2.06, alikuwa mchezeshaji wa Los Angeles Lakers, na mwaka 1980, katika mchezo wa sita wa fainali za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, alianza kama senta badala ya Kareem Abdul-Jabbar aliyeumia, akafunga pointi 42.

Hatua ya nne ni kupima ulinzi. Muulize kila mchezaji anaweza kumkaba nani, kisha mjaribu uwanjani. Draymond Green wa Golden State Warriors, mwenye mita 1.98 tu, amecheza kama senta kwa sababu anaweza kuwakaba warefu na pia kuwafuata wepesi hadi nje ya mstari.

Hatua ya tano ni kugawa namba kwa muda. Andika majina karatasini, kila mmoja na namba mbili, ya kwanza na ya akiba. Na kwa walio chini ya miaka 14, wabadilishe kila baada ya wiki nne, ukianza kwa kumpa mrefu wako mpira auvushe yeye.