SOMO: Bibi aliolewa Kentucky miaka ya 1790, jina la kwao limepotea. Unalitafutaje?

Nimelijibu swali hili kwa simu, kwa ujumbe, na juzi kwenye arusi ya watu nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Kuanzia leo atakayeniuliza nitampa hili andiko, basi.

Kwa wasionijua: mimi wa Pangani, nimeolewa huku Kentucky, Marekani, na ukoo wa mume wangu nimeufuatilia miaka tisa. Wengi humu mmeoa au mmeolewa huku, watoto wameanza kuuliza, na wote mnakwama palepale. Mwanamke kaolewa kati ya 1780 na 1820 hivi, nchi ndiyo kwanza inafunguliwa na walowezi wa kutoka Virginia na Carolina, akaandikwa kwa jina la mume, la kwao likazama. Kwetu hili ni nadra. Bibi yangu alizaliwa binti Makame, akaolewa mara tatu, akazikwa binti Makame. Huku mwanamke akitoka kwao, jina analiacha kizingitini. Kwa hiyo usimtafute yeye. Watafute wanaume waliosimama karibu naye, baba, kaka, mjomba, mdhamini, maana hao majina yao hayabadiliki.

(Jina la ukoo wa mume wangu nalificha. Mashemeji wanajua kutumia programu ya tafsiri.)

1. Anza na wazee walio hai. Ukioneshwa Biblia ya familia yenye tarehe za 1785, tazama mwaka ilipochapwa. Kama ni 1850, hizo tarehe ziliandikwa kwa kumbukumbu.

2. Rudi nyuma kwa sensa mpaka 1850. Kabla ya hapo anaandikwa mkuu wa kaya tu, wengine ni vijistari vya kuhesabu umri. Za Kentucky za 1790 na 1800 hazipo kabisa, usipoteze usiku.

3. Jua kaunti ilikuwa sehemu ya kaunti gani mwaka ule. Mwaka 1780, Kentucky yote, ikiwa bado mali ya Virginia, ilikuwa na kaunti tatu: Fayette, Jefferson na Lincoln. Leo ziko 120. Kaunti ikikatwa, makaratasi ya zamani hubaki kwa mama yake. Wazazi wa Rais Abraham Lincoln, Thomas Lincoln na Nancy Hanks, walidhaniwa walioana kaunti ya Hardin, watu wakatafuta Hardin wasione kitu. Karatasi ilikuwa kaunti ya Washington, hukuhuku Kentucky, na ilikuja kuonekana Rais mwenyewe keshauawa.

4. Hati ya dhamana ya ndoa. Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo someni taratibu.

Zamani zile bwana harusi alikwenda kwa karani wa kaunti na mdhamini, wakatia saini kwamba pakionekana kizuizi cha ndoa watadaiwa pauni 50. Siyo mahari, msichanganye. Siku ile hakuna anayetoa hata senti. Kama binti hajatimiza miaka 21, baba au mlezi anaandika kikaratasi cha ridhaa. Mdhamini mara nyingi ni mtu wa upande wa mke. Katika hati ya Nancy Hanks ya Juni 1806 mdhamini ni Richard Berry, kajiandika mlezi wa binti, ila tahajia ilimshinda na neno lenyewe, «guardian», linasomeka kama «garden», yaani bustani.

Sasa kosa langu. Nilimtafuta Polly, bibi wa mume wangu vizazi sita nyuma. Nikapata hati yake kaunti ya Madison, 1797, jina lake na jina la ukoo, wino umekolea. Nikaruka. Nikalifuata lile jina mpaka Virginia, miezi minane, nikachora mti, nikautia fremu, nikampelekea mama mkwe siku anatimiza miaka sabini. Akalia kwa furaha.

Mwaka uliofuata nikiwa natafuta kitu kingine kabisa nikakuta faili la mirathi la 1801. Mume wa Polly anadai mali ya marehemu fulani «kwa haki ya mkewe Polly, mjane wa marehemu», na yatima wawili wametajwa. Jina nililolikimbilia lilikuwa la mume wa kwanza! Karani hakuandika «mjane» kwenye dhamana, na hakuwa na sababu ya kuandika. Alimwandika kwa jina alilokuja nalo siku ile.

Dalili zilikuwapo, macho ndiyo hayakuwapo. Kikaratasi cha ridhaa hakikuwapo. Mdhamini alikuwa na jina la tatu, si la bwana harusi wala la bibi harusi. Na orodha ya kodi ya mwaka wa nyuma, ambayo nilikuwa nimeipiga picha mwenyewe, ilikuwa na mstari mmoja: Polly, lile jina, ekari mia, kijito cha Silver Creek, farasi wawili. Mwanamke halipi kodi ya ardhi kwa jina lake wakati mume yupo. Ukimwona peke yake kwenye orodha, karibu kila mara ni mjane.

TAHADHARI: jina lililo kwenye dhamana ni jina la siku ile tu. Kwenye nchi mpya watu walikufa haraka, kwa homa, kwa uzazi, kwa vita na wenyeji waliokuwa wakitetea ardhi yao, na mjane mwenye watoto na shamba hakukaa muda mrefu bila kuolewa. Kabla hujaliamini hilo jina, jibu haya: alikuwa na umri gani, nani alitoa ridhaa, na mdhamini ni nani wake?

TAHADHARI ya pili: dhamana inaonesha nia, si ndoa. Tafuta na cheti ambacho mchungaji alimrudishia karani baada ya kufungisha ndoa.

Fremu bado iko ukutani kwa mama mkwe. Nimemwambia mara mbili. Anasema ni nzuri.

5. Wosia na mirathi. Huku ndiko jibu linakotoka, na ndiko wengi hamtaki kwenda kwa sababu hakuna kitufe cha kubonyeza. Chukua wosia wa wanaume wote wazee wa eneo lile, usome mmoja mmoja, ukitafuta «binti yangu Polly» pamoja na jina la mumewe. Asiyeacha wosia ndiye bora zaidi: warithi wote hutajwa, na miaka kumi baadaye unakuta hati ya ardhi ambamo mume na mke wanauza fungu lao. Soma mpaka mwisho, pale mke anapoachilia theluthi yake. Sheria ilimpa mjane theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, kwa hiyo mume akiuza, mke aliulizwa faragha, mume kaondolewa, kama ameridhia. Jina lake la kwanza limo mle na tarehe. Likibadilika ghafla, kuna mke wa pili. Lisipobadilika, bado anaweza kuwa wa pili: akina Elizabeth walikuwa wengi.

Yule mdhamini wa jina la tatu nilimkuta kwenye wosia wa baba yake, mstari wa nne. Polly yuko wa saba.

6. Orodha za kodi, kila mwaka bila kuruka. Zinataja kijito. Waliokaa kijito kimoja ndio waliooana.

7. Pensheni. Kama mume alipigana vita vya uhuru wa Marekani, sheria ya 1836 iliwaruhusu wajane kudai, na mjane alipaswa kuthibitisha ndoa. Kaka zake wameapa, majirani wameapa, wengine wamechana ukurasa wa Biblia wakautuma Washington, mji mkuu (si ile kaunti), nao umo faili mpaka leo.

8. Andika ulikokitoa kila kitu. Utasahau.

MASWALI

Mrs_K: Asante kwa somo. Naomba unisaidie jina la kwao bibi wa mume wangu, aliitwa Elizabeth, wa Kentucky.

Jibu: Kaunti gani? Mwaka gani? Mume nani? Hatua ya tatu.

Mrs_K: Kentucky tu ndiyo najua.

Jibu: Basi hatua ya kwanza.

Baraka_Dallas: Mbona unatusumbua na makaratasi, kwenye mtandao miti 43 yote inasema yule bibi alikuwa binti wa mtu fulani. Watu 43 wanakosea wote?

Jibu: Aliyekosea ni mmoja, 42 wamenakili. Mti wangu wenye kosa ninaoujua mimi umenakiliwa mara kumi na moja, nimewaandikia, wawili wamejibu.

Baraka_Dallas: Sikuwa na nia mbaya.

Jibu: Sawa kaka. Fungua huo mti uone kama kuna karatasi yoyote iliyoambatishwa. Ikiwepo, rudi nayo tuisome pamoja.

Mwanaidi T.: Shikamoo dada. Mtoto wao wa kwanza ana jina la kati ambalo ni la ukoo mwingine. Si ndilo jina la kwao mama?

Jibu: Marahaba. Ni dalili nzuri, lifuatilie kwanza, ila lisiingie kwenye mti. Waliwapa watoto pia majina ya wahubiri na majenerali. Kuna akina Lorenzo Dow tele waliopewa jina la mhubiri wa Kimethodisti aliyezunguka na farasi, hawana undugu naye hata chembe.

Kip_Nakuru: Mimi hukopi rekodi hizi kwa wateja wa Marekani, kwa hivyo swali langu ni la lugha. Kwa kaburi moja mke ameandikwa «consort», kwa lingine «relict». Ni kitu kimoja?

Jibu: Swali zuri, na wengi wa hukuhuku hawalijui. «Consort» alikufa mumewe akiwa hai. «Relict» ni mjane, mume alitangulia. Kwa hiyo jiwe moja limekupa mpangilio wa vifo viwili. Nikuongezee: kwenye wosia ukikuta mwanamume anasema «my now wife», usikimbilie kusema alikuwa na mke wa kwanza. Ni lugha ya sheria tu, anamaanisha aliye naye siku anaandika. Na Polly ni Mary, Sally ni Sarah, Patsy ni Martha, Nancy mara nyingine ni Ann, kama kwetu Khadija anavyokuwa Dija.

Kip_Nakuru: Na hii Jefse ni jina?

Jibu: Ni Jesse. S mbili zikifuatana, ya kwanza waliirefusha ikafanana na f. Ross utaiona Rofs. Jno ni John, Jas ni James.

Kip_Nakuru: Wah. Nimetuma Jefse kama arobaini hivi.

Salma_wa_Ohio: DNA je? Si inamaliza yote haya?

Jibu: Bibi wa vizazi sita nyuma amekuachia kwa wastani sehemu moja ya 64. Inasaidia ukiwa tayari na ukoo unaoushuku, wa kulinganisha nao. Kuna ile ya mama kwa mama, ambayo haipungui, lakini inafuata mstari wa wanawake watupu, na hao ndio uliowapoteza. Ilifanya kazi kwa mama yake Nancy Hanks, Lucy. Watu waligombana zaidi ya miaka mia: Hanks ni jina la kwao, au alizaliwa Shipley akaolewa na Hanks akafiwa? (Mnaona? Polly wangu tupu.) Mwaka 2015 walilinganisha wazao wa mistari ya kike, ikaelekea kwamba Lucy alizaliwa Hanks. Ila kwanza ilibidi wawapate hao wazao, na waliwapata kwa makaratasi.

Mama Imani: Dada, mume wangu ni Mmarekani mweusi, wazee wake walikuwa watumwa kaunti ya Jessamine. Humu sioni pa kuanzia.

Jibu: Pole mpenzi, na ni kosa langu, somo nimeliandika kwa walioandikwa. Anza na sensa ya 1870, ndiyo ya kwanza iliyowataja wote kwa majina. Zile za 1850 na 1860 zinawaorodhesha chini ya mmiliki kwa umri na jinsia, bila jina. Halafu uliza: kuna babu aliyekuwa askari? Camp Nelson iko hapohapo Jessamine, maelfu ya weusi waliingia jeshini pale, na mafaili ya pensheni ya wajane wao ni hazina. Mjane anaeleza kwa kinywa chake alizaliwa kwa nani na alioana vipi bila karatasi. Kisha madaftari ya 1866, sheria ilipowaruhusu waliokwisha kuishi pamoja watangaze ndoa kwa karani. Yapo ya baadhi ya kaunti. Usidhani jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho, wengi walichukua la zamani zaidi au walijichagulia. Ukifika kwa mmiliki, soma wosia wake na orodha ya mali. Mle mama na watoto huandikwa mstari mmoja na bei. Usisome usiku peke yako. Niandikie pembeni, hili tulifanye wote.

Papa_Josué: Yambo dada. Miye niko Louisville. Bibi yangu ni wa hapa Kentucky, niko natafuta jina ya bamama yake ba zamani.

Jibu: Karibu. Bibi mzaa mama au mzaa baba? Alizaliwa mwaka gani?

Papa_Josué: 1988.

Jibu: Bibi wa 1988?

Papa_Josué: Ndiyo, bibi! Muke yangu!

Jibu: Haya, nimekuelewa, kwetu bibi ana mvi. Uko karibu, una bahati. Nyaraka za jimbo ziko Frankfort, saa moja kwa gari, na mikrofilamu za kaunti nyingi wanazo. Nitakuwapo Alhamisi. Piga simu kwanza uulize saa zao, chukua penseli, na andika kwenye karatasi jina la mume, kaunti na miaka kumi unayoishuku.

Papa_Josué: Nitakuya na yeye bibi.

Jibu: Mlete. Na sweta, mle ndani wanawasha baridi kama wanahifadhi samaki.