Kuhamisha na kufufua kichwa cha treni cha umeme kilichosimama miaka mingi

Kichwa cha treni cha umeme kilichoachwa nje miaka 30 huonekana kizima kuliko kilivyo. Hakina boila la kuoza kama injini ya mvuke, na rangi mpya huficha mengi. Kinachokimaliza ni maji yaliyoingia taratibu kwenye mota na beringi, pamoja na haraka ya wanaotaka kukivuta leo leo. Ukishika kanuni moja utaokoa vitu vingi: usizungushe kitu ambacho hujakifungua ukaona ndani yake.

Anza na waya, si rangi

Kabla ya kuomba hata jeki, uliza waya wa juu kwenye makumbusho yenu una umeme gani. Makumbusho mengi ya kujitolea Marekani, kama Illinois Railway Museum kule Union, hutumia volti 600 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja), umeme uleule wa tramu za zamani. Kichwa kilichojengwa kwa volti 600 kinaweza kurudi kazini kikamilifu. Cha volti 1500 kitatembea pia, lakini mota ya DC hufuata volti: ukiipa 600 badala ya 1500, mwendo wake hushuka hadi karibu sehemu mbili kati ya tano za ule wa awali. Kwenye uwanja wa makumbusho hilo si tatizo. Tatizo ni kompresa na mapangaboi ya kupoza mota, ambayo nayo yatazunguka kivivu: upepo wa breki utachelewa kujaa na mota hazitapozwa inavyotakiwa. Dawa ya kawaida ni kuficha ndani kompresa ya tramu ya volti 600, ukaiacha ya asili mahali pake bila kuikatakata.

Vya AC, yaani umeme unaobadili mwelekeo, ni habari nyingine. Vichwa vya GG1 vya reli ya Pennsylvania, vilivyojengwa 139 kati ya 1934 na 1943, vilikula volti 11,000 za AC kwa 25 Hz. Vimebaki 16 na hakuna hata kimoja kinachotembea kwa umeme wake. Anayesafiri kwa SGR ya Tanzania hupita chini ya waya wa volti 25,000. Waya wa namna hiyo unadai kituo cha kupozea umeme, uzio na watu wa zamu. Ukipewa kichwa cha AC, kubali mapema kwamba kitakuwa cha kutazamwa, na fedha zako uziweke kwenye paa la kukifunika.

Transfoma za umri huo huwa na jambo jingine: mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu. Chukua sampuli kabla ya kuhama. Kwa sheria za Marekani, chini ya sehemu 50 kwa milioni mafuta hayahesabiwi kuwa ya PCB. Kuanzia 50, kazi ni ya kampuni yenye kibali, si ya watu wa kujitolea wenye ndoo. Vilevile vikasha vya kuzimia cheche juu ya kontakta (swichi kubwa za umeme wa mota) mara nyingi vina asbesto. Usivisugue wala kuvipuliza.

Kabla ya kukivuta

Uharibifu mkubwa hutokea safarini. Anza na beringi za ekseli. Kama ni za bushi zenye kasha la mafuta, fungua kila kifuniko, toa pamba au pedi yote ya zamani, kisha toa maji chini ya kasha. Maji hukaa chini ya mafuta, kwa hiyo anayechungulia juu tu huona mafuta na kuridhika. Pitisha kidole kwenye shingo ya ekseli. Kutu iliyochimba itakula bushi ndani ya kilomita chache. Weka pedi mpya iliyolowa mafuta, ongeza mafuta hadi kiwango chake.

Kinachosahauliwa na karibu kila mtu ni beringi za kubebea mota. Kila mota iliyoning'inizwa kwenye ekseli huikalia kwa beringi mbili zenye kikombe chao cha mafuta na utambi wa sufi. Utambi ukikauka, babiti, yaani chuma laini cha ndani ya beringi, huyeyuka, mota hushuka, na meno ya gia huanza kusagana vibaya. Badilisha tambi zote, hata zile zinazoonekana na unyevu: unyevu huo unaweza kuwa maji.

Sasa amecha, kiini cha mota kinachozunguka. Inua jozi moja ya magurudumu milimita 10 juu ya reli, inua kaboni zote (vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha) kutoka kwenye komutata, pete ya vipande vya shaba, zungusha gurudumu polepole kwa mtaimbo na usikilize. Mkwaruzo wa mfululizo ni beringi ya amecha. Ikiwa imekwama kabisa, usithubutu kuvuta: gurudumu litaburuzwa juu ya reli na kupata bapa. Itabidi ung'oe gia ndogo ya mota. Hukaa kwa kubana kwenye shafti iliyochongoka, na hutoka kwa kifaa cha haidroli, kamwe si kwa nyundo. Ikishindikana, kipakie kichwa kwenye behewa tambarare au trela.

Mwendo nao una hesabu yake. Chukua gia ya meno 70 kwa 17 na magurudumu ya milimita 1070. Kwa kilomita 40 kwa saa amecha huzunguka kama mara 820 kwa dakika. Kwa kilomita 100 ni zaidi ya mara 2,000. Kichwa cha kupanga mabehewa kilichotengenezwa kwa mwendo mdogo hakivumilii hilo: nyuzi za kufungia amecha hukatika, koili hupanuka na kugota kwenye nguzo za sumaku, na mota nzima huwa chuma chakavu. Andikianeni na reli inayovuta kiwango cha juu cha mwendo, wala msikubali ahadi ya mdomo.

Weka swichi ya kugeuza mwelekeo katikati na utenge mota zote. Sumaku iliyobaki kwenye nguzo inaweza kuifanya mota inayoburuzwa izalishe umeme na kujiunguza.

Kwa breki, badilisha hozi zote za upepo, fungua vali ya kuvutwa kikiwa kimezimwa, na ushushe vali ya usalama, kwa kawaida hadi psi 25 (psi ni kipimo cha shinikizo), ili kichwa kisifunge magurudumu wakati treni yote inafunga breki. Hakikisha breki ya mkono imeachia kweli kwa kutazama viatu vyenyewe. Mnyororo uliolegea peke yake si ushahidi. Pantografu, mikono ya juu ya paa inayogusa waya, zifungwe kwa minyororo, kisha pima kimo kutoka kwenye reli. Zikizidi, zishushe.

Simameni baada ya kilomita 3, kisha 10, kisha 30. Gusa kila kasha kwa mgongo wa mkono. Usipoweza kuuacha hapo kwa sekunde tano, safari imeisha mpaka kasha lifunguliwe.

Mota

Ndani ya banda, fyonza vumbi kwanza kwa mashine na brashi laini. Upepo wa kompresa uje baadaye, mkavu na usiozidi psi 30, maana upepo mkali husukuma unga wa kaboni ndani ya koili, na unga huo unapitisha umeme. Maji na petroli haviruhusiwi.

Kisha pima kihami, yaani kinachozuia umeme kuvuja kutoka kwenye koili, kwa mega, kifaa cha kupimia upinzani wake. Kwa mota ya chini ya volti 1000 tumia volti 500. Kiwango cha chini kwa koili za zamani ni kilovolti za mota kujumlisha 1, kwa megaomu, kwenye nyuzi 40 za Selsiasi: 1.6 kwa mota ya volti 600, 2.5 kwa ya 1500. Hapa wengi hujidanganya. Kihami hupoteza nusu ya upinzani wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kwa hiyo kwenye banda la nyuzi 20 unahitaji mara nne: 6.4 na 10. Soma tena baada ya dakika 10 na ugawe kwa kipimo cha dakika ya kwanza. Chini ya 1.5 kuna maji au uchafu. Ukimaliza, unganisha koili na ardhi kwa muda usiopungua mara nne ya ule wa kupima. Koili hubaki na chaji ya kukurusha.

Mota yenye maji hukaushwa kwa hewa ya moto. Pandisha nyuzi 5 kwa saa, usivuke 90. Ukiharakisha, maji hugeuka mvuke ndani ya kihami na kukipasua. Siku ya kwanza kipimo kitashuka. Usiogope, joto ndilo linalokishusha. Baadaye kitapanda kisha kitulie. Kikitulia saa kadhaa, acha.

Komutata isuguliwe kwa msasa wa kioo au jiwe lake maalumu. Msasa mweusi wa chuma haufai kabisa, punje zake hubaki kati ya shaba na kuunganisha umeme. Mika, kihami kilicho kati ya vipande vya shaba, iwe chini ya uso kwa takriban milimita 1. Ikisimama juu, kaboni hurukaruka na kutoa cheche. Ila rangi ya chokoleti iache. Hiyo ndiyo afya, na wanaoisugua hadi ing'ae wanaanza upya bure.

Umeme wa kwanza

Usikimbilie waya. Magurudumu yakiwa juu ya jeki, lisha mota moja moja kwa mashine ya kuchomelea ya DC, na usiende juu ya hapo: mota ya mfululizo (ambayo koili za nguzo na amecha zimeunganishwa mstari mmoja) isiyo na mzigo ikipewa volti kamili hujizungusha hadi ijivunje. Tangi kuu za upepo zijazwe maji na kupimwa kwa robo zaidi ya shinikizo lake la kazi. Tangi la psi 140 hupimwa kwa 175.

Vikipita vyote, kishushe kwenye reli, inua pantografu, na usogeze mita 50 kwenye notchi (hatua ya kishikio cha mwendo) ya kwanza tu. Zima, fungia swichi kuu kwa kufuli, funga ardhi. Fungua mota zote, tazama cheche zimeacha alama gani, gusa beringi, pima mega tena na uandike kipimo kando ya kile cha kwanza.