Somo: Neno procrastinate na "kesho" iliyojificha ndani yake

Neno hili la Kiingereza hutushinda mahali patatu: tahajia, mkazo na matumizi. Ukijua lilivyoundwa, mambo mengi hunyooka.

1. Likate vipande. Pro- ni "mbele" kwa Kilatini. Cras ni "kesho", na kutokana nalo Warumi wakapata crastinus, yaani "-a kesho". Wakaunda kitenzi procrastinare, kusogeza jambo mbele hadi kesho. Mwaka 43 K.K. Cicero, mwanasiasa na msemaji hodari wa Roma, akiwahutubia raia dhidi ya hasimu wake Marcus Antonius, alisema procrastinatio, yaani huko kusogeza mambo mbele, huchukiza katika shughuli nyingi, na kwamba vita dhidi ya Antonius vilihitaji haraka. Kiingereza kililichukua neno katika karne ya 16.

2. Andika r mbili. Wengi huandika "procastinate" kwa sababu sikio humeza r ya pili. Kumbuka cras, hutaidondosha.

3. Mkazo uwe kwenye silabi ya pili: pro-KRAS-ti-neit. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana tunateleza na kusema pro-kras-TI-neit.

4. Usiliwekee yambwa, yaani kitu kinachotendwa, moja kwa moja. "We procrastinated the meeting" ni kosa. Kikao huwa ni postpone. Procrastinate ni kujivuta: kazi unaijua, muda unao, na bado huianzi. Sema: He procrastinated for two weeks. Ukitaja kazi yenyewe, tanguliza on: She procrastinated on the report.

Katika kutafsiri, "kuahirisha" peke yake hakutoshi, maana hata hakimu huahirisha kesi kwa sababu halali. "Kuahirishaahirisha" ndiyo hasa. Huko kurudiarudia ndiko kunakobeba tabia yenyewe.

MASWALI

Mwalimu, postpone nayo ni ya Kilatini?
Ndiyo. Post ni "baada", ponere ni "kuweka". Haina lawama ndani yake, na hapo ndipo inapoachana na procrastinate.

Crass ya Kiingereza, yaani "-siyo na ustaarabu", ina undugu na cras?
Hapana, hata kidogo. Crass imetoka kwa crassus, "-nene".

Na kesi "ikipigwa kalenda" je?
Kilatini kimo, ila kimeingia kwa mlango mwingine. Kalendae ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi huko Roma, siku ya kudaiwa riba, na calendarium ni daftari la madeni. Kwa Kiingereza kesi hiyo ni adjourned. Ukiandika procrastinated, umemtuhumu hakimu uzembe.