Chora doti yako: kujitafuta kwa rangi ukiwa mtu mzima mwenye usonji

Nilikuwa na miaka 33 nilipomsindikiza dada yangu kliniki na mwanawe. Daktari akawa anauliza: anaziba masikio? anapanga vitu mstari? anakerwa na lebo ya shati? Dada anajibu kuhusu mtoto, nami moyoni najibu kuhusu nafsi yangu. Miezi kadhaa baadaye nilipimwa mwenyewe, nikarudi Mbagala na neno usonji (kwa Kiingereza autism, namna tofauti ya ubongo kuipokea dunia na watu) kwenye karatasi, nisijue nilifanye nini. Nililolifanya kila Jumapili jioni kwa mwaka mzima ndilo ninalokuelekeza hapa.

Kujua kuchora si sharti. Watu wakisikia usonji na picha humtaja Stephen Wiltshire wa London, aliyeichora Tokyo kwa kumbukumbu mwaka 2005 kwenye turubai ya mita 10, baada ya kuitazama kutoka kwenye helikopta. Namheshimu mno. Lakini wengi wetu hatuna kipaji hicho, na kikombe nikichora mimi hupinda. Kazi hii haidai kikombe kilichonyooka, inadai usijidanganye.

Anza dukani. Chagua vifaa kwa ngozi na pua yako kabla ya kuuliza bei. Mimi nilianza na chaki za rangi. Vumbi lake likanifanya nishinde nimekunja vidole. Nikahamia rangi za mafuta, kwa kuwa nazipenda picha za Tingatinga tangu utoto. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli, zile zinazong'aa. Uzuri wake naujua, ila harufu ilinilaza na kichwa siku mbili. Nikaishia kwenye manila nyeupe, kalamu nyeusi ya wino isiyokwaruza, na rangi za maji za watoto, zile za vidonge. Kila kifaa ulichokikataa kiandike nyuma ya karatasi yako ya kwanza, pamoja na sababu. Nilipoisoma orodha yangu niliona mambo yaleyale ambayo nyumbani na shuleni yaliitwa madeko.

Sasa chora safari moja unayoijua vizuri. Vuta mstari mrefu wa kalamu kutoka unapoanzia mpaka unapofika, halafu uujaze kwa kila kilichokugusa njiani: sauti, harufu, joto, mikono ya watu. Usichore gari wala nyumba. Safari yangu ilikuwa ya daladala, Mbagala hadi Kariakoo. Konda akigonga bati kwa sarafu niliweka vitone vyekundu, vidogo, vikali. Muziki wa spika ya nyuma ukawa blanketi la kahawia kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Bega la jirani, linalonigusa kila dereva akikanyaga breki, lilinishinda rangi. Nikalichora kwa kalamu, nikarudia, nikarudia tena, mpaka manila ikatoboka.

Nikatazama tundu limeangukia wapi: Mtoni kwa Azizi Ally. Miaka mingi nilikuwa nashuka hapohapo, nasimama kivulini dakika kumi, kisha napanda gari jingine. Ofisini niliandikwa mchelewaji, nami nikaamini mimi ni mzembe. Kumbe mwili ulikuwa umeshajua kikomo chake, na ulinishusha kabla sijazidiwa.

Wiki inayofuata chora kitu kinachokupa raha, kwa namna ileile. Usikiruke. Mimi nilichora mlio wa cherehani ya jirani.

Baada ya hapo ingia kwenye kazi yenyewe, kanga. Kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, ina jina, yaani maneno yake, na huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kanga halisi ni kama sentimita 150 kwa 110, hivyo kata manila mbili za sentimita 30 kwa 22. Dukani vipande vya doti hufanana. Vyako visifanane: cha kwanza ni cha kutokea, cha pili ni cha kushinda nacho ndani.

Katika kipande cha kutokea, pindo libebe yote uliyojifunza ili watu wasikushangae. Langu lilikuwa safu za macho, kwa sababu mimi humtazama mtu kwenye paji la uso ili adhani namtazama machoni. Kati ya macho niliandika maamkizi kwa mfuatano ninaoukariri kabla ya kufungua mlango: shikamoo, habari za nyumbani, watoto hawajambo. Usipange pindo liwe na upana gani. Jaza mpaka yaishe, kisha chukua rula upime. Langu lilitoka sentimita 8 kila upande. Mji ukabaki ukanda wa sentimita 6 kwa 14, na ndani yake sikuwa na cha kuweka. Nilikaa na rula mkononi muda mrefu. Ndipo nilipoelewa kwa nini nikirudi kazini saa kumi na moja jioni naanguka kitandani na viatu.

Kipande cha ndani kikaja chenyewe. Pindo jembamba, mji umejaa vifungo vya nguo, vyote vya aina moja, vya kijani vyenye matundu manne. Tangu utotoni huzungusha kifungo kiganjani ili nitulie. Darasa la tatu nilichapwa viganja kwa ajili hiyo. Nilivichora jioni nne mfululizo bila kuchoka. Ukijikuta unataka kurudia umbo moja, rudia, na asikwambie mtu kuwa picha inahitaji vitu vingi.

Jina liandike mwisho, kwa herufi kubwa. Usiazime methali, tumia sentensi ambayo umewahi kuisema au uliyotamani kuisema. Cha kutokea changu kinasema NASIKIA YOTE KWA PAMOJA. Cha ndani: NIACHE NIZUNGUSHE. Vilevile usiazime kile kipande cha chemshabongo (puzzle) ambacho wengi hukitumia kama alama ya usonji. Chama kimoja cha Uingereza kilikianzisha mwaka 1963, na ndani yake walimweka mtoto anayelia. Mimi sikujiona humo.

Ukizidiwa katikati, funika karatasi, nawa mikono, acha mpaka Jumapili nyingine. Na picha haipimi usonji. Hilo ni la daktari. Ila nenda nazo, maana maneno yakikukauka mbele yake, yeye ataziona.

Muoneshe mtu mmoja tu kwanza, usimweleze chochote. Mimi nilimpa mama. Cha kutokea alikitazama akakiweka chini. Cha ndani alikishika, akaweka kidole juu ya kifungo kimoja, akaniuliza, "Mwanangu, hivi si vya gauni langu la Idi?" Ndivyo. Kimoja ninacho mpaka leo, kwenye mkoba.

Nyuma ya kila kipande andika tarehe. Baada ya miezi sita chora doti nyingine, na pindo la kutokea ulipime tena kwa rula ileile. Langu la mara ya pili lilikuwa sentimita 5.