Dakika Nne za Kibodi: Kujitolea Kufundisha Kompyuta Penye Mashine Chache

Chukua darasa la wanafunzi 45, kompyuta tisa zinazowaka na kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Dakika kumi zinaliwa na kuingia, kuwasha mashine na kutuliza kelele. Kumi nyingine ni maelezo yako. Zimebaki 20. Tisa mara ishirini ni 180, gawa kwa 45: kila mtoto anashika kibodi dakika nne kwa wiki nzima. Anza na hesabu hiyo, kisha kila unachotaka kufanya shuleni kipime kwayo.

Kwanza, ruhusa. Onana na mwalimu mkuu mkubaliane kwa maandishi: siku na saa zako, nani anashika funguo, nani anawajibika kifaa kikipotea. Omba mwalimu mmoja wa shule awe nawe katika kila kipindi. Usibaki peke yako na mtoto katika chumba kilichofungwa, wala usipige picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi na ya shule.

Fufua zilizokufa kabla ya kuomba mpya

Shule nyingi zina kompyuta kadhaa kwenye kona, zimebandikwa karatasi ya "mbovu". Kati ya hizo, baadhi huwa na uchafu tu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, kisha fungua kasha. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Ondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, na feni uishike kwa kidole isizunguke.

Mashine inayolia milio ya "bip" bila kuonyesha kitu, mara nyingi tatizo ni RAM, yaani kadi ya kumbukumbu ya muda. Ichomoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, futa mabaki, irudishe hadi vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Ukiwa na mashine mbili zilizokufa za aina moja, hamisha RAM na diski kutoka hii kwenda ile: maiti mbili huweza kutoa mzima mmoja.

Saa ikirudi miaka ya nyuma kila unapozima, betri ya ubao mama (ubao mkuu wa saketi ndani ya kasha) imekwisha. Ni ya duara, imeandikwa CR2032, volti 3. Wengi huipuuza, halafu wanashangaa kwa nini kivinjari kinakataa tovuti salama: vyeti vya tovuti hizo hukaguliwa kwa tarehe, na tarehe ya mashine ni ya uongo.

Kuna mambo mawili ya kuogopa kweli. Usifungue pawa saplai (kisanduku kinachoingiza umeme ndani ya kasha) wala skrini ya kioo kinene ya zamani. Huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Na kwa mashine ya msaada iliyotoka nchi nyingine, tazama nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi ndogo, aghalabu nyekundu, ya 115 na 230. Ikiwa iko 115 na umeme wa shule ni wa volti 230, utasikia mlipuko mara tu utakapochomeka. Ubao mama wenye kapasita (vimikebe vidogo vya duara) zilizovimba kichwani uweke kando, utumike kwa vipuri.

Umeme

Hapa ndipo maabara nyingi hufia. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye skrini bapa ikadirie wati 130. Mashine 12 ni wati 1,560. Ekstensheni ya ampea 10 kwenye volti 230 inabeba wati 2,300 kwa nadharia; usizidishe 1,800. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, na usitumie waya ukiwa umeviringishwa, maana hupata joto. Washa mashine tatu tatu, kwa sababu zikiwaka zote kwa mpigo mmoja huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi na kikata-umeme kinaweza kuruka, nawe umepoteza dakika tano.

Mfumo na programu

Kwa mashine yenye prosesa ya 64-biti na RAM ya GB 2, Lubuntu, mfumo endeshi mwepesi wa familia ya Linux, inatosha. Kwa ya 32-biti, jaribu toleo la 32-biti la antiX, nayo ni ya Linux. Zote ni za bure na huwekwa kwa flashi ya GB 8. Faida yake kubwa ni kinga dhidi ya virusi vya flashi: vile vinavyoficha mafolda ya watu na kuacha njia za mkato za uongo vimeundwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux havifanyi kazi. Weka LibreOffice kwa kuandika na majedwali, GCompris kwa wanaojifunza kipanya, na Tux Typing kwa kuchapa. Pasipo intaneti, Kiwix hufungua Wikipedia kutoka kwenye diski, na Kolibri huruhusu mashine moja kuzihudumia nyingine kupitia swichi ya mtandao (kisanduku cha kuunganisha kompyuta) na nyaya zake. Pakua kila kitu nyumbani. Usiahidi kupakua ukiwa shuleni.

Darasani

Kugawa darasa nusu kwa nusu hakuongezi dakika za kibodi, tusidanganyane. Kunaondoa watoto wawili au watatu wanaotazama mgongo wa mwenzao. Nusu wakae kwenye mashine wawili au watatu, nusu wafanye kazi ya karatasi, wabadilishane katikati. Kazi ya karatasi iwe kompyuta kweli: kuandika hatua za kufika getini ambazo mwenzake atazifuata neno kwa neno, au kadi za 16, 8, 4, 2 na 1 za kujifunzia namba za mfumo wa mbili. Kibodi iliyochorwa kwenye karatasi inasaidia pia, ilimradi F na J ziwekewe tone la gundi kavu pale kidole kinapopapasa.

Kwenye mashine, anayeshika kibodi abadilishwe kwa saa ya ukutani, si kwa hiari. Ukiwaachia, mmoja mwenye uzoefu ataitawala hadi kengele. Nawe usishike kipanya cha mwanafunzi. Onyesha kwa kidole, sema, ngoja. Ni vigumu kuliko inavyosikika.

Wape wanafunzi wanne kazi ya kuwasha mashine dakika kumi kabla ya kipindi, na maelezo yako yasizidi dakika saba. Ukifikisha mashine 12 na mazoezi ya dakika 28, hesabu inakuwa 336 kwa 45: zaidi ya dakika saba kwa kila mtoto. Chumba kikifunguliwa mchana siku mbili, zinaongezeka tena.

Tangu wiki ya pili, mwalimu wa shule afundishe robo ya kipindi, baadaye nusu, nawe ukae nyuma. Mwachie daftari lenye namba ya kila mashine, nywila, ugonjwa wake na dawa iliyotumika. Flashi mbili za mfumo zilizojaribiwa. Betri tano za CR2032. Na funguo mbili za chumba, moja ikae ofisini kwa mwalimu mkuu.