Jinsi ya Kuandika Riwaya Huku Unatoa na Kuweka Pesa

Mimi ni wakala wa pesa za simu Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, na ni mtunzi wa riwaya. Uwakala ndio unaolipa pango la kibanda. Wateja wakinikuta nimeinamia daftari hudhani napiga hesabu za floti, ile pesa ya kuzungushia kazi, na siwakatalii. Nayaandika haya kwa ajili yako unayelinda geti, unayeshona, unayekaanga chipsi, na una hadithi kichwani ambayo kila mwaka unasema utaianza ukipata nafasi. Hiyo nafasi haiji, dada yangu, kaka yangu. Tupange kazi bila kuitegemea.

Anza kwa kuzijua saa zako zilizolala. Kibandani kwangu asubuhi hadi saa nne ni vurugu: wenye maduka wanaweka mauzo ya jana, wazazi wanatuma ada, mtu kakosea namba na anataka pesa irudi sasa hivi, tena kwa sauti ya juu. Kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi jua limewaka, anakuja mteja mmoja mmoja, wengi wanataka vocha ya buku tu. Hizo ndizo saa zangu. Jioni watu wakishuka kwenye daladala sigusi kalamu, maana nitakuja kumwekea mtu laki badala ya elfu kumi, na laki hiyo ni ya mtaji wangu. Tarehe za mishahara nazo siandiki kitu kipya, nasoma tu nilichokwisha kuandika. Mlinzi wa usiku saa zake zitakuwa saba mpaka kumi alfajiri. Fundi cherehani atapumua Idi ikishapita. Tafuta zako, halafu usimtangazie mtu, la sivyo utatumwa sokoni.

Ukishazipata, tatizo linalofuata ni kuingiliwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wamefundishwa kwamba mtunzi hukaa chumba chenye utulivu mpaka sura iishe. Mimi sina sura, nina matukio. Tukio moja ni watu wawili mahali pamoja, na mmoja anataka kitu ambacho mwenzake hataki kumpa. Kabla sijaanza, juu ya ukurasa naandika mistari mitatu mifupi: nani yupo, anataka nini, nani anamzuia. Mistari hiyo inanishika mkono hata nikikatizwa na watu kumi.

Na nikikatizwa, sikimbilii kumaliza sentensi. "Dada, nitolee thelathini," basi naacha palepale, hata kama ni katikati ya kitenzi. Pembeni naandika kwa penseli neno moja la kinachofuata: mlango, deni, anacheka. Natoa thelathini, nasubiri ujumbe uingie, nahesabu noti mara mbili, nasaini. Nikirudi kwenye daftari, lile neno la pembeni linanivuta ndani, na sentensi iliyokatika inataka imaliziwe. Ukiacha mahali palipokamilika, kurudi ni shida. Utajikuta unasoma tangu juu, unasahihisha koma, na saa kumi imefika.

Weka lengo dogo hadi uone aibu kulikosa. Maneno 200 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 1,000. Kwa mwaka ni 52,000, na hiyo ni riwaya inayosimama yenyewe rafuni. Anayekuambia ameandika maneno elfu tano usiku mmoja mpongeze, kisha uendelee na mia mbili zako.

Daftari liwe kaunta buku, na lisiwe lile la miamala. Lile lina namba za simu na sahihi za watu. Andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uache kwa masahihisho. Kila wikendi chapa kwenye simu, kisha faili lijihifadhi pia mtandaoni au ujitumie kwa barua pepe. Simu huku kwetu huporwa dirishani mwa daladala, na mporaji hana habari kwamba ameondoka na tukio la kumi na mbili.

Sasa tuje kwenye masikio. Dirisha la wakala lina faida moja: watu wanazungumzia pesa, na anayezungumzia pesa anazungumzia mapenzi, ugomvi, msiba na uongo bila kuvitaja. Sikiliza jinsi wanavyokwepa. Mbagala hakuna anayesema, "Tafadhali, naomba unisaidie kutoa shilingi elfu ishirini." Anasema, "Nitolee ishirini." Anayeanza kwa salamu ndefu, akauliza na hali ya watoto, huyo anataka kukopa.

Nikuonyeshe tukio moja lilivyobadilika. Toleo la kwanza lilikuwa hivi:

"Mzee Salumu alikuwa na huzuni kubwa moyoni kwa sababu mwanawe hakuwa akizungumza naye tangu ule ugomvi wa shamba. Kila mwezi alimtumia pesa akitumaini kwamba siku moja atamsamehe."

Kila kitu kimesemwa, msomaji hana la kufanya. Toleo lililobaki ni hili:

"Jina limetokea?"
"Limetokea, baba."
"Hebu lisome."
Nikalisoma. Majina matatu, la mwisho lake mwenyewe.
"Lisome tena," akasema, huku akihesabu noti alizokwisha kuzihesabu.

Shamba limeondoka, huzuni imeondoka, kusamehewa kumeondoka. Yamebaki majina na noti. Ugomvi wenyewe utatokea kurasa thelathini mbele, na wakati huo msomaji atakuwa anautafuta. Fanya jaribio hilo kwenye ukurasa wako wowote: tafuta sentensi inayotaja hisia kwa jina, ifute, kisha umpe mhusika kitu cha kushika mkononi.

Mzee huyo, hata hivyo, hayupo. Aliyekuwa dirishani kwangu ni mama, na hakuwa akimtumia mtoto. Siri ya mteja haiuzwi, hata kwa riwaya. Ukichukua jambo kwa mtu, badilisha jinsia, umri, mtaa na sababu ya safari yake, mpaka yeye mwenyewe akilisoma aseme, "Hiki kisa kama namjua mtu." Kama hadithi inakufa ukibadilisha hayo, ujue hukuwa na hadithi, ulikuwa na umbea.

Lugha: msimulizi wangu anazungumza Kiswahili sanifu, wahusika wanazungumza kama walivyo. Mpogoro wa Mahenge na Mpemba wa Wete hawawezi kubishana kwa maneno yaleyale. Misimu tumia kidogo, maana misimu ya Dar inakufa haraka, na kijana wako wa mwaka huu atasikika kama baba mdogo baada ya miaka mitano. Kuwa na kamusi, hata kuukuu. Na soma. Vitabu vilivyotumika hupangwa chini kwenye vijia vya katikati ya mji, na Maktaba Kuu ipo pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina viti na kuna ukimya, jambo ambalo kwa mkazi wa Mbagala ni kama kwenda ng'ambo.

Msomaji wa kwanza asiwe anayekupenda. Mume wangu husema "nzuri" kabla sijafika nukta. Mimi namsomea kijana wa chipsi jirani, kwa sauti, wateja wakiwa wamepungua. Simuulizi maoni. Naangalia mikono yake tu: akianza kuchokonoa mkaa usiohitaji kuchokonolewa, natia alama pembeni. Mahali penye alama panakatwa.

Utashawishika kuuza kwa vipande WhatsApp. Soko lipo, na silidharau: sehemu za mwanzo bure, zilizobaki kwa buku au buku mbili, malipo kwenye simu, kila sehemu inaishia mlango unagongwa na chini yake ITAENDELEA. Watunzi wengi wamejifunzia hapo namna ya kumshika msomaji. Ila usianze kurusha kabla hujamaliza kuandika yote. Ukianza na sehemu nne mkononi, mwanao akaugua wiki moja, kundi litageuka baraza la kesi. Pia kubali mapema kwamba itanakiliwa, jina lako litafutwa, na utaletewa hadithi yako mwenyewe ukitakiwa kuilipia.

Kuhusu wizi huo: kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, na haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakusaidia kuthibitisha mbele ya wengine. Kaunta buku lenye masahihisho yako ya mkono nalo ni ushahidi, kwa hiyo usilifungie vitumbua.

Ukitaka kitabu cha karatasi, utakutana na mtu atakayekuambia mswada wako ni dhahabu, kisha akutajie milioni kadhaa unazotakiwa kutanguliza. Huyo ni mchapaji, hata kama kadi yake imeandikwa vingine. Si kosa kumlipa mchapaji, ila mlipe kama mchapaji: nakala ngapi, karatasi gani, siku gani, na mswada usomwe kwanza na mhariri unayemlipa wewe. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, usikubali mtu aigeuze biashara nyingine.

Kwa mswada ambao haujachapishwa kuna tuzo, na hapo ndipo ninapoelekeza nguvu zangu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaendeshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Nyingine ni ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo inapokea kazi za Kiswahili kutoka nje ya Tanzania pia. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma ya mwaka huo: urefu, aina ya maandishi, kama jina lako liwe ndani ya mswada au lisiwe. Mswada mzuri unaweza kutupwa kwa sababu ya jina kwenye ukurasa wa kwanza.

Tuma wiki moja kabla. Siku ya mwisho mtandao unasumbua, na hilo niamini mimi, ninayetukanwa kwa ajili ya mtandao kila mwisho wa mwezi.